Ndiva ya Umeme kwa Zahanati Yetu

(Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Afya, mhandisi wa umeme, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam)

 

Kabla sijaanza naomba mtazame feni. Zipo sita, za kusimama, na vipaza sauti hivi viwili ninavyosemea. Hakuna hata kimoja kilichochomekwa kwenye umeme wa ukumbi. Vyote vinakula kwenye sanduku lile la kijivu lililo chini ya meza ya Mweka Hazina, ambalo vijana wawili walilibeba asubuhi wakihema kwa sababu lina uzito wa karibu kilo 50. Lilianza kazi saa mbili kamili. Nitalirudia mwishoni. Kwa sasa ninaomba tu watoto wasilichezee.

Watani wetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sawa, leo nimekuja na kesi. Ni kesi ya betri, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Wengi wenu mtakumbuka siku tuliyozindua sola ya zahanati yetu, miaka saba iliyopita. Mfadhili alileta paneli, kampuni moja ikazifunga, sisi chama tukachanga nauli, chakula na kibao cha jiwe chenye majina. Mimi binti yenu nilipewa nafasi ya kusema kama mtaalamu. Nikasema maneno mazuri kuhusu jua la Mungu lisilo na bili. Sikuuliza swali hata moja kuhusu betri: ni za aina gani, zitakaa wapi, nani ataziongezea maji, na zikifa nani atanunua nyingine. Ningeuliza, nadhani tusingekuwa na mjadala huu leo. Taa zile ziliwaka miezi kumi na tisa.

Mwaka juzi wifi yangu alijifungua pale zahanati saa nane usiku. Mvua ilikuwa kubwa, mti ulikuwa umeangukia waya huko chini, umeme wa gridi hakuna tangu jioni. Mama mkwe wake ndiye aliyeshika simu kumulika wakati muuguzi anamshona, na simu yenyewe ilikuwa na chaji asilimia kumi na moja. Muuguzi alikuwa anashona na huku anauliza, "Imebaki ngapi?" Namshukuru Mungu mtoto yupo, sasa anakimbia na kuvunja vikombe. Lakini usiku ule, juu ya paa la chumba kile kile, paneli zetu zilikuwepo, na mchana wa kabla ya mvua zilikuwa zimepigwa jua saa nane nzima.

Desemba iliyopita nilipanda juu ya paa lile na mita yangu. Vumbi lilikuwa la kutosha kupanda mchicha. Nilizifuta paneli kwa kitambaa na maji, nikasubiri mawingu yapite, nikapima. Ziko hai. Zinatoa karibu umeme ule ule ulioandikwa nyuma yake. Hilo halinishangazi, kwa sababu paneli nzuri huja na dhamana ya miaka 20 hadi 25, haina kitu kinachozunguka wala kinachokwisha. Kisha nikashuka stoo, kwenye betri. Zilikuwa nne, zile za asidi, ndugu wa betri ya gari. Betri ya volti 12 iliyojaa inapaswa kusoma volti 12.7 hivi. Ya kwanza ilisoma volti 4. Ya pili sikujisumbua kuisoma maana ilikuwa imevimba kama mkate.

Nikauliza kwa upole, nikaambiwa ukweli wote. Stoo ina paa la bati lisilo na dari, na ukuta wake mmoja ni wa jiko. Joto la pale saa nane mchana si la betri. Maji ya betri yalipokwisha dukani, mlinzi aliongeza maji ya bomba kwa nia njema kabisa. Kisha kijana mmoja alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akakipita kidhibiti chaji, akafungua kibanda cha kuchaji simu. Kidhibiti ndicho kinachokata umeme betri inapokaribia kukauka. Ukikipita, betri inanyonywa mpaka tone la mwisho kila usiku. Betri ya asidi ukiikausha namna hiyo mara chache tu, haikusamehi.

Simtaji mtu na sitaki kumtaja. Aliyezifunga aliondoka bila kumfundisha yeyote. Sisi tulipiga picha tukarudi mjini. Kijana yule alitafuta riziki. Na nani kati yetu angemkataza, wakati haikuandikwa popote kwamba mali ile ni ya nani?

Sasa wazee wangu, niruhusuni niwafundishe umeme kwa kitu mlichonifundisha ninyi.

Babu zetu walikuwa na tatizo la mto mdogo. Maji yanatiririka mchana na usiku, lakini mkulima analala usiku, na maji ya mchana peke yake ni kidogo mno kusukuma mfereji mpaka shamba la mwisho. Wakachimba ndiva. Usiku maji yanaingia, yanakusanyika, na asubuhi mwenye zamu anafungua mlango, yanatoka kwa nguvu. Ndiva haiongezi maji hata kikombe kimoja. Inachofanya ni kuhamisha maji ya saa ambayo hayana kazi na kuyapeleka saa yenye kazi. Miaka ya 2000 watafiti wa maji wa vyuo vya hapa na vya Ulaya walifanya kazi bonde la Makanya, wakaandika juu ya ndiva zetu na namna tunavyogawana zamu. Walikuja kusoma kitu ambacho bibi yangu alikijua kwa mgongo wake, kwa sababu ndiye aliyekuwa anabeba matope.

Betri ni ndiva. Tofauti ni kwamba yetu inajaa mchana, wakati jua lipo na zahanati haihitaji taa, na inafunguliwa usiku. Na si mfano tu: hata leo, ukihesabu uniti, hifadhi kubwa kuliko zote za umeme duniani ni mabwawa ya milimani, ambako maji yanasukumwa juu wakati umeme ni mwingi na kuachiwa yashuke kwenye mitambo wakati unahitajika. Mpare akielezwa hilo haombi arudiwe.

Betri ya asidi na risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ni teknolojia ya heshima, inawasha magari yetu mpaka leo. Lakini kwa ndiva ya kila siku ina kasoro tatu. Ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu ya kilichomo, kwa hiyo unanunua ndiva kubwa na kutumia nusu yake. Inachoka baada ya mizunguko mia kadhaa, labda elfu moja ukiitunza vizuri, na mzunguko mmoja ni siku moja ya kujaa na kutoka; piga hesabu, ni miaka miwili au mitatu. Na inachukia joto. Mafundi wana kanuni yao: kila nyuzi 10 zinazozidi zile 25, maisha yake yanakatika nusu. Stoo yetu ya bati ilikuwa inafanya kazi hiyo kila mchana.

Kilichobadilika ni hiki. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za lithiamu, zile zilizokuja kuingia kwenye simu. Zilikuwa na kobalti, madini ambayo zaidi ya nusu ya yanayochimbwa duniani sasa yanatoka kwa jirani zetu Kongo, na ambayo ni ghali na yana historia ya machozi. Mwaka 1997 timu ya John Goodenough, katika Chuo Kikuu cha Texas kule Marekani, ilichapisha utafiti wa betri ya lithiamu isiyo na kobalti. Walitumia chuma na fosfeti. Chuma, ndugu zangu, ndicho hiki cha jembe, na fosfeti ndiyo ile ya kwenye mbolea. Mwanzoni haikuvutia sana kwa sababu ilipitisha umeme kwa shida. Watafiti waliofuata wakasaga chembe zake ziwe ndogo mno na kuzipaka kaboni, ikaanza kufanya kazi. Mzee Goodenough alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, akiwa na miaka 97. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 100. Ninawaambia hili wazee wa mstari wa mbele ili msije mkasema mambo ya betri ni ya vijana.

Betri ya aina hiyo, lithiamu ya chuma na fosfeti, unaweza kutumia asilimia 80 au 90 ya kilichomo bila kuiumiza. Iliyotengenezwa vizuri hutoa mizunguko 3,000 hadi 6,000. Hata tukichukua ile ya chini, 3,000, ni miaka minane ya kila siku. Haiongezwi maji. Si rahisi kushika moto kama dada yake wa kobalti, ingawa nayo haipendi joto, na stoo lazima iwe na dari na hewa. Ndani yake kuna ubao mdogo wa umeme unaozilinda seli zake, unakata zinapojaa kupita kiasi na unakata zinapokaribia kukauka, kwa hiyo yule kijana wa simu hata akiunga waya wake moja kwa moja, betri itajifunga yenyewe kabla hajaiua. Upande mmoja wa betri hii ni madini ya kinywe, yale yaliyopo kwetu Mahenge na Lindi, ila hilo ni la mkutano mwingine.

Bei ndiyo iliyonifanya niombe nafasi hii. Mwaka 2010 wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya ujazo. Uniti ninayosema ni hii hii ya LUKU. Mwaka 2024 wastani huo ulikuwa karibu dola 115. Hiyo ni bei ya jumla ya viwanda, si ya Kariakoo, kuna meli, kuna kodi, kuna faida ya muuzaji. Hata hivyo miaka saba iliyopita kitu hiki kwetu kilikuwa ndoto, na leo kimo ndani ya uwezo wa watu waliokaa kwenye ukumbi huu.

Najua kuna kijana ataniuliza kuhusu betri za sodiamu, za chumvi, amezisoma kwenye simu. Ni kweli zipo, kampuni ya CATL ya Uchina ilitangaza za kwake mwaka 2021, na zitakuja kuwa nzuri. Lakini wajawazito wetu hawawezi kusubiri maabara ya Uchina.

Nije kwenye friji ya chanjo, kwa sababu hapa wahandisi walifanya jambo ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa miaka mingi friji za sola za vijijini Afrika zilikufa kwa sababu ile ile iliyoua taa zetu: betri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi kadhaa, zikiwemo UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ziliungana na watafiti wa Denmark kuuliza swali la kijinga kidogo: kwani lazima tuhifadhi umeme? Tunachotaka ni baridi. Basi tuhifadhi baridi. Wakatengeneza friji inayounganishwa moja kwa moja na paneli, haina betri kabisa. Jua likiwaka inagandisha barafu kwenye kuta zake. Usiku, na siku za mawingu, barafu ile ndiyo inayofanya kazi. Kiwango kinachotakiwa na Shirika la Afya Duniani ni friji ya namna hiyo ishike baridi angalau siku tatu bila jua. Hiyo nayo ni ndiva, ila ya barafu. Kamati yetu inashauri friji ya chanjo ipatikane ya aina hiyo kupitia idara ya afya ya wilaya, ikae na paneli zake peke yake, isichangie betri na taa. Tukifanya hivyo, siku betri ikigoma, chanjo haiharibiki.

Sasa hesabu ya zahanati yenyewe. Nilikaa na muuguzi mkuu siku mbili, tukaandika kila kitu kinachohitajika usiku mmoja mbaya. Taa kumi za wati 9, saa kumi: uniti 0.9. Mashine ya kutengeneza oksijeni ya lita 5 kwa dakika, inayokula wati 350 hivi, ikiwaka usiku kucha saa kumi: uniti 3.5. Hiyo ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayookoa mtoto mwenye nimonia. Kitanda cha kumpa joto mtoto mchanga, wati 600 kwa saa mbili: uniti 1.2. Hadubini, kompyuta ya takwimu, mashine ya kunyonya majimaji, simu ya kuita gari la wagonjwa: tukaweka uniti 1. Jumla ni uniti 6.6. Kifaa cha kuchemshia vyombo tumekiacha nje, kinakula sana, kitatumia gridi au gesi.

Kwa hiyo tunahitaji betri ya uniti 10, tutumie 8 na kubaki na akiba ya kupumulia. Si mradi wa kutisha. Ripoti ya mwaka 2023 ya Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na wenzao inasema karibu watu bilioni moja duniani hutibiwa kwenye vituo visivyo na umeme au vyenye umeme usioaminika. Sisi tumo humo, na tofauti kati yetu na kutoka humo ni uniti 6.6 kwa usiku.

Baadhi ya wajumbe, na ninawaheshimu, walipendekeza jenereta, wakasema inaonekana, inasikika, na fundi wake yupo hata Same mjini. Kweli. Lakini jenereta ndogo ya petroli inakunywa karibu lita moja kwa saa. Saa kumi ni lita kumi, ukikadiria shilingi 3,000 kwa lita ni shilingi 30,000 kwa usiku mmoja, na petroli lazima ipandishwe mlimani kwa bodaboda kwenye madumu. Jenereta za zahanati nyingi hazifi kwa ubovu. Zinakaa pale zikiwa nzima kabisa, hazina mafuta.

Wengine walisema gridi inatosha, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere limejengwa, megawati 2,115, na kwetu tulizoea kujivunia Nyumba ya Mungu ya megawati 8. Mimi pia ninajivunia. Gridi ibaki, na tutaitumia: sola, gridi na betri vitafungwa kwenye inveta moja, gridi ikiwepo inajaza betri siku za mawingu. Lakini bwawa likiwa na maji mengi kiasi gani, mti ukiangukia waya kwenye kona ile ya juu ya kanisa, zahanati iko gizani mpaka waya uungwe.

Na kwa wale wa mto: umeme mdogo wa maji ni kitu kizuri na mahali pengine ningeupigania. Kwetu maji ya kiangazi yana wenyewe, ni ya mashamba, na sitaki kuanzisha kesi ambayo kweli tutauzia ng'ombe.

Nimefika kwenye ombi, na ombi lenyewe si la betri.

Ndiva ya babu zetu haikudumu vizazi kwa sababu ya ukuta wake. Ukuta ni mawe na udongo, unavuja. Ilidumu kwa sababu kila mwaka matope yalijaa, na kila mwaka baragumu lilipigwa, msaragambo ukaitwa, watu wakaingia na majembe kuyatoa. Asiyekuja alitozwa faini. Kulikuwa na kamati, kulikuwa na zamu, na kila mtu alijua nani anafungua mlango na nani anafunga. Sola yetu ilikuwa na paneli, betri na kibao cha jiwe. Haikuwa na siku ya kutoa matope.

Sisi watu wa mjini tunapenda kuchangia kitu kinachoonekana. Mimi nimo. Ukuta tunachangia, madawati tunachangia, kibao chenye majina tunachangia kwa furaha. Hakuna mtu amewahi kusimama kwenye harambee yetu akasema, "Natoa laki tano kwa ajili ya inveta itakayokufa mwaka wa sita." Lakini inveta itakufa. Inveta nyingi za bei yetu zinakwenda miaka mitano hadi kumi. Betri nayo, hata ya Mzee Goodenough, itafika siku yake.

Kwa hiyo Kamati ya Afya inaomba mkutano upitishe hivi: katika kila shilingi 100 tutakazochanga leo kwa ajili ya umeme wa zahanati, shilingi 25 zisinunue kitu chochote. Ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake, watia saini watatu, mmoja awe muuguzi mkuu, mmoja kutoka serikali ya kijiji, mmoja kutoka chama hiki. Zisiguswe kwa msiba, kwa mbio za mwenge wala kwa mgeni rasmi. Najua maana yake: mwaka huu tutanunua mfumo mdogo kuliko ambao tungeweza. Mwenyekiti amenionya kwamba hoja hii inaweza kuanguka. Ikianguka, naomba jina langu lisiandikwe kwenye kibao kipya.

Kibanda cha kuchaji simu tusikivunje. Tukihalalishe. Mchana betri ikishajaa, umeme wa paneli unaobaki unapotea bure, hauna pa kwenda. Kijana yule apewe laini yake inayowaka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni tu, alipe kwa mwezi, na pesa hiyo iingie kwenye ile akaunti. Nimeongea naye. Alidhani nimekuja na polisi, akaishia kuniuliza kama anaweza kuongeza mashine ya kunyolea.

Tunahitaji pia mikono. Kikuletwa, wilayani Hai, Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu, kwenye eneo la mtambo wa zamani wa umeme wa maji. Si mbali na kwetu. Tunaomba chama kiwalipie vijana wawili, na ninaomba kwa msisitizo mmoja wao awe binti, kozi fupi ya sola, kwa mkataba wa kuikagua zahanati kila mwezi kwa miaka mitatu. Kazi yao haitakuwa ngumu. Kufuta paneli, kukaza nati, kusoma namba kwenye inveta na kuziandika kwenye daftari. Daftari hilo likipigwa picha na kutumwa kwenye kundi letu la simu kila tarehe moja, mimi nitalisoma, na wahandisi wengine wa kwetu walioko hapa, nimewaona wanne, hawatakosa la kusema.

La mwisho ni sanduku la kijivu.

Sokoni sasa kuna betri za lithiamu nyingi, na baadhi yake ni uongo mtupu. Seli zilizotumika kwenye magari na kuchoka zinavishwa ganda jipya na kibandiko kipya. Nyingine ndani ni ndogo kuliko ilivyoandikwa. Kwa macho huwezi kujua, na bei haikusaidii, maana mwongo hauzi rahisi. Lakini ndiva unaipima kwa kuifungua na kuhesabu. Sanduku lile limeandikwa uniti 5. Jana usiku nililijaza kabisa. Feni sita na vipaza sauti hivi vinakula wati 500, nimepima. Uniti 5 kwa wati 500 ni saa kumi; toa kinachopotea kwenye inveta, zinabaki saa tisa hivi. Betri ya kweli itafika saa kumi na moja jioni. Iliyojaa uongo itazima tukiwa kwenye chakula.

Muuzaji anajua tunafanya jaribio hili, na tumeandikishana kwamba ikishindwa inarudi kesho kutwa na pesa inarudi yote. Mweka Hazina ameshika saa, sasa ni saa sita na dakika ishirini. Fomu za ahadi ziko kwake, na zina mistari miwili: mmoja wa vifaa, mmoja wa matope. Mnaobaki mpaka jioni, naomba mkae karibu na feni.